Kitufe cha ristati na mlima wa Magara

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu nilikuwa kwetu Manyara, nikizunguka wilaya za Mbulu na Hanang. Nimerudi na mada ambayo baadhi yenu mtasema ni ya kitoto: gemu la magari. Naomba mnivumilie hadi mwisho, maana ndani yake kuna historia ambayo sikuwahi kufundishwa darasani, na kuna mguu wa rafiki yangu.

Gemu ninalolisema ni Need for Speed: Most Wanted, lile la 2005. Kwa ambao ujana wao haukupitia kwenye vibanda vya PlayStation 2, nieleze kidogo. Lilitoka Novemba 2005, na waliolitengeneza ni EA Black Box wa Vancouver, Kanada. Unapewa mji wa kubuni unaoitwa Rockport. Kuna orodha ya madereva 15 wa mitaani wanaotafutwa na polisi, na aliye kileleni anaitwa Razor. Huyu bwana anakuchezea rafu mwanzoni kabisa, anaondoka na BMW M3 GTR yako, na wewe unaanzia chini kabisa ukiwa na gari la kawaida. Kazi yako ni kupanda, mmoja baada ya mwingine, hadi umfikie. Hiyo ndiyo hadithi, na kwa kijana wa miaka 15 inatosha kabisa.

Tuseme ukweli, lilikuwa gemu zuri. Sifa yake ya kwanza ni uhuru. Magemu mengi ya magari ya zamani yalikupa njia iliyofungwa pande zote, unazunguka mara tatu, unamaliza, unarudi kwenye menyu. Most Wanted, na kabla yake Need for Speed: Underground 2 ya 2004 yenye mji wa Bayview, yalikuachia mji mzima. Ukitaka kushindana unakwenda kushindana. Usipotaka, unazurura tu, unapita barabara ya pwani, unaingia viwandani, unatafuta njia ya mkato. Kwa sisi ambao gari tulilolijua ni basi la asubuhi la kwenda Arusha, kuachiwa mji na funguo lilikuwa jambo kubwa.

Sifa ya pili ni polisi. Underground 2 haikuwa na polisi hata mmoja, unavunja sheria usiku kucha na hakuna anayekuuliza. Most Wanted ikawarudisha, tena kwa hasira. Kadiri unavyowasumbua ndivyo wanavyoongezeka: wanafunga barabara, wanatandaza miiba, wanaleta magari mazito yanayokuja kukugonga uso kwa uso. Ukikamatwa mara kadhaa na gari lile lile, linachukuliwa moja kwa moja. Kwa hiyo kulikuwa na hofu kidogo. Sifa ya tatu ni kwamba kushinda mbio peke yake hakukutoshi. Ilikubidi pia ujenge jina kwa kuwatoroka polisi, ndipo mpinzani anayefuata akubali kukutana nawe.

Sasa udhaifu. Wa kwanza tuliuona wote bila kuusema: Rockport haina watu. Ukitazama pembeni mwa barabara hakuna mama anayeuza nyanya, hakuna mtoto anayetoka shule, hakuna mbuzi. Kuna magari ya kawaida yanayopita, basi. Udhaifu wa pili ni ile hila ya mpinzani kukufikia hata kama umemwacha mbali. Unaendesha vizuri dakika nne nzima, unakosea kona moja ya mwisho, na jamaa huyo hapo mgongoni kama alikuwa amefungwa kamba kwenye bampa lako. Udhaifu wa tatu: gari haliharibiki. Kioo kinapasuka, rangi inachubuka, lakini injini iko palepale na usukani haukupindi. Unaweza kugonga ukuta kwa kilomita 250 kwa saa ukarudi nyuma kidogo na kuendelea.

Wa nne ndio umenifanya niandike. Ni kile kitufe cha kuanza mbio upya, ambacho sisi tulikiita "ristati". Ukianza vibaya, ristati. Ukipitwa, ristati. Nimewahi kumwona kijana akianza mbio moja zaidi ya mara 20 bila kuimaliza hata mara moja, kwa sababu kila akipoteza nafasi ya kwanza haoni maana ya kuendelea. Gemu lilitufundisha kuanza, likatufundisha kushinda. Kumaliza ukiwa nyuma halikutufundisha.

Hapo ndipo historia inapoingia, na naomba tuhame kutoka Rockport twende Magara.

Anayetoka Arusha kwenda Babati anafika mahali panapoitwa Mbuyu wa Mjerumani. Hapo ndipo njia ya Mbulu inapochepuka. Inapita bondeni, halafu inaupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Huo ndio mlima wa Magara. Kona zinapishana mkono wa kulia na wa kushoto, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hewa, na chini kabisa Ziwa Manyara linang'aa kama sahani ya bati. Ukifika juu unaingia kwenye nyanda za baridi za Wairaqw. Ukiendelea kusini unaipata Dongobesh, na mbele yake zaidi ni Hanang, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400 uliosimama peke yake juu ya mji wa Katesh.

Njia hizi za Mbulu, na mlima huu wa Magara, ziliwahi kuwa sehemu ya mbio za magari zilizoogopwa kuliko nyingi duniani. Nazisema zile ambazo leo tunaziita Safari Rally. Zilianza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Mwaka 1960 jina hilo la kutawazwa liliachwa, zikaitwa East African Safari Rally, na zikawa zinakata Kenya, Uganda na Tanganyika kwa mkupuo mmoja. Ni kilomita zipatazo 5,000 kwa siku chache, mara nyingi wakati wa Pasaka. Na Pasaka kwetu, mnajua wenyewe, ni masika.

Sasa angalieni jinsi zilivyoendeshwa. Barabara hazikufungwa. Dereva wa Safari alikutana na basi, lori la mahindi, ng'ombe, twiga, baiskeli, na mtu anayekwenda kanisani. Hakukuwa na ukuta wa pembeni wa kumrudisha njiani. Kulikuwa na vituo vya ukaguzi na muda wa kufika kila kituo, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa adhabu. Namna ya kufika ilikuwa juu yako na msoma ramani wako. Ukikwama unajikwamua. Shokapu ikikatika unatafuta namna. Mto ukifurika unaamua: unangoja au unaingia?

Kwa maneno mengine, ile dunia iliyo wazi ambayo EA Black Box walikuja kutuuzia mwaka 2005, ilishapita kwetu miongo minne kabla, kwa magari ya kweli na tope la kweli.

Mwaka 1963 mvua ilinyesha hasa. Magari 84 yaliondoka. Yaliyomaliza ni 7. Saba tu! Mshindi alikuwa Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua ikarudia vilevile, na safari hiyo pia magari yaliyomaliza yakawa 7, na mshindi akawa Nowicki yuleyule, na Cliff yuleyule, ndani ya Peugeot 404. Katika historia ya mbio zile, wote waliofika katika miaka ile miwili wanakumbukwa kwa pamoja kama "Saba". Wa pili anakumbukwa, na wa saba anakumbukwa. Kwa nini? Kwa sababu katika Safari kufika kulikuwa ni ushindi wenyewe, na nafasi yako ni hesabu iliyofuata baadaye.

Mchukueni Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya. Alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo PV544 ambayo ilikwishatumika kwenye mashindano ya wengine. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Lakini takwimu inayonishangaza mimi si hizo tatu. Alishiriki Safari mara 22 akamaliza mara 19. Hebu fikiria, kwenye mbio ambazo mwaka mwingine wanamaliza saba! Na sisi Watanzania tusijisahau, Bert Shankland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Chris Rothwell, hao nao kwa Peugeot 404. Ndiyo maana wazee wengi hadi leo ukitaja Peugeot wanatabasamu.

Lakini nisije nikaonekana naisifia Safari kwa kuwa tu ni ya zamani. Nayo ilikuwa na udhaifu wake, na udhaifu mmoja unafanana mno na wa gemu. Nimesema Rockport haina watu. Barabara za Safari zilikuwa na watu, tena wengi, lakini matokeo yake hayana. Kila gari lilipozama kwenye tope, kuna wanaume na vijana wa kijiji cha jirani waliovua viatu na kulisukuma. Orodha ya matokeo ina jina la dereva, la msoma ramani na la kampuni ya gari. Msukumaji hayumo. Zilikuwa mbio zilizoanzishwa enzi za ukoloni, kwa heshima ya malkia, na kwa miaka mingi usukani ulishikwa zaidi na walowezi, Waasia wa Afrika Mashariki na wageni waliotumwa na viwanda. Mtu wa Mbulu alikuwa sehemu ya mandhari. Na barabara ambayo haijafungwa ilikuwa na bei yake kwa mwenye kutembea kwa miguu, si kwa dereva peke yake.

Halafu zikatuacha. Kuanzia 1975 neno East African liliondoka kwenye jina, na kufikia miaka hiyo njia zilikuwa zimerudi ndani ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Safari ilitolewa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 kule Naivasha, safari hii kwa vipande vifupi vya barabara vilivyofungwa kabisa. Ni busara kwa usalama, sibishi.

Watengenezaji wa magemu nao waliikumbuka. World Rally Championship ya PlayStation 2 ya mwaka 2001 ilikuwa na Safari ya Kenya. DiRT 3 ya 2011 ina barabara za Kenya, na WRC 9 ya 2020 ikaileta Safari tena. Lakini ona kilichotokea: humo Afrika Mashariki ipo, ila njia ni moja na imefungwa. Kwenye Rockport njia ni huria, ila Afrika Mashariki haipo. Mimi binafsi bado sijakutana na gemu linalonipandisha Magara usiku wa Pasaka, mvua inanyesha, ng'ombe wa mtu wamelala barabarani, na hakuna ristati.

Sasa nirudi mwaka 1968, maana huo mwaka una jambo jingine.

Mwezi Aprili, magari 7 yalimaliza Safari. Tarehe 20 Oktoba mwaka uleule, kwenye Olimpiki ya Mexico City, kijana aliyezaliwa Mbulu mwaka 1938 alisimama kwenye mstari wa kuanzia marathoni. John Stephen Akhwari. Njiani, katika kusukumana na wenzake, akaanguka. Goti likaumia vibaya, bega likagonga chini. Waliokuwa wameanza ni 75, na 18 kati yao hawakumaliza. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshaingia, mguu umefungwa bandeji, anachechemea. Saa 3, dakika 25, sekunde 27. Nafasi ya 57, yaani wa mwisho kati ya waliofika.

Jina la mshindi wa siku ile wengi hawalikumbuka mpaka waambiwe. La Akhwari linajulikana dunia nzima, na Tanzania ilimpa nishani ya ushujaa mwaka 1983. Na si kwamba huku kwetu hatuna washindi! Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2, akiwa ameongoza tangu mwanzo. Gidamis Shahanga wa Hanang alichukua dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edmonton mwaka 1978, na ya mita 10,000 Brisbane mwaka 1982. Tunajua kushinda. Lakini mtu aliyeutambulisha mkoa wetu kuliko wote ni yule aliyeshindwa akakataa kuishia njiani.

Nilisema kuna mguu wa rafiki yangu. Jina simtaji. Tulikuwa tukicheza naye Most Wanted kwa zamu, na alikuwa bora kuliko mimi, tena kwa mbali. Alimfikia Razor akamshinda, sisi tukiwa bado tunahangaika na namba tisa. Baadaye akanunua pikipiki, akawa bodaboda. Jioni moja kwenye lami ya kuelekea Katesh walishindana na mwenzake, hivi hivi, hakukuwa hata na pesa. Kulikuwa na lori limesimama pembeni halina taa. Mwenzake alilikwepa. Yeye alikaa hospitali miezi, na leo mguu wa kulia haukunji sawasawa.

Je, ni gemu? Sitaki kusema hivyo, itakuwa uongo. Lami ni mpya kuliko mazoea yetu ya mwendo kasi, lori lilipaki vibaya, na vijana wameshindana tangu dunia iumbwe, hata kwa punda. Mamilioni walicheza gemu lile wakaendelea na maisha yao. Ila nilipomtembelea safari hii tulizungumza, na yeye mwenyewe akaniambia kitu. Alisema katika ile sekunde ya mwisho hakuogopa. Hofu ilikuja alipokuwa chini, alipojaribu kusimama na mguu ukakataa. Alisema ndipo alipoelewa kwamba hii haianzi upya.

Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Nadhani udhaifu mkubwa wa gemu lile haukuwa ukali wake wala polisi wake wala kwamba linafundisha kuvunja sheria, kama wazazi walivyokuwa wakisema. Ni kwamba lilifanya kosa liwe bure. Mahali ambapo kosa halina bei, kuvumilia nako hakuna thamani, kwa nini mtu aendelee na gari bovu akiwa wa tano? Wale saba wa 1963 walifika kwa sababu kila kosa liliwagharimu, wakajifunza kupunguza mwendo kabla ya mto, wakajifunza kulitunza gari usiku ili liwepo asubuhi. Akhwari alifika kwa sababu kwenye marathoni hakuna pa kurudi, kuna mbele tu au kukaa chini.

Rafiki yangu hakukaa chini. Ana kibanda cha kutengeneza pikipiki, na wateja hawakosi. Pembeni ana televisheni na PlayStation ya zamani, vijana wanalipa wanacheza wakisubiri pikipiki zao. Nilimkuta amewawekea sharti moja: ukianza mbio, unaimaliza, hata ukiwa wa mwisho. Ukibonyeza ristati unampisha anayefuata kwenye foleni. Kuna dogo mmoja alilalamika sana, akaambiwa atoe pedi. Alishindwa akaingia wa nne, akanuna. Mbio iliyofuata akaingia wa tatu.

Niliondoka kabla sijaona ya baada ya hapo. Basi la Arusha lilikuwa linapiga honi.

Nawakilisha.